Kifuko cha Mchanga na Milango ya Sheria: Utafiti wa Vitu Vyenye Unururifu Hafifu Katika Pwani ya Kenya

Utangulizi

Mtongwe ni mtaa wa bara ya kusini ya Mombasa, katika eneo la Likoni, unaotazamana na bandari ya Kilindini. Wengi huujua kwa mambo mawili: kituo cha jeshi la wanamaji la Kenya, na ajali ya feri ya tarehe 29 Aprili 1994 iliyoua watu 272. Wanaakiolojia huujua kwa jambo la tatu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya cha Japani walichimba hapo na kuchapisha taarifa kuhusu zana za mawe walizozikuta ardhini, ishara kwamba binadamu aliishi kando ya mkondo ule muda mrefu kabla ya kuwako mji wa Mombasa.

Mtafiti wa leo akitaka kujua umri wa tabaka za mchanga kama zile, mojawapo ya njia anazoweza kuzitumia ni kupima mwanga uliohifadhiwa ndani ya chembe za kwatzi. Chembe iliyofukiwa ardhini hupokea mnururisho kidogo kidogo kutoka kwa urani, thoriamu na potasiamu iliyomo katika mchanga unaoizunguka, na huuweka mithili ya akiba. Akiba hiyo ikijulikana, na kasi ya kuiweka ikijulikana, umri hupatikana kwa kugawanya. Hii ina maana kwamba mchanga wa Mtongwe, kama mchanga wa mahali popote duniani, una unururifu. Hakuna ardhi isiyokuwa nao.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo huwasumbua wanafunzi wa sayansi na mara nyingi huwashangaza watu wa kawaida. Ikiwa kila mchanga una unururifu, kwa nini mtafiti mmoja abebe kifuko chake bila ya kuulizwa na mtu, na mwingine atakiwe kuwa na leseni, ghala lenye kufuli, ofisa wa usalama na hati za usafirishaji? Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa kueleza mstari unaotenganisha kifuko cha kwanza na cha pili, kisha milango ya sheria ambayo mtafiti nchini Kenya hana budi kuipitia, na mwisho mlango mmoja ambao haumo katika fomu yoyote, nao ni mlango wa lugha.

Maana ya unururifu

Kabla ya kuingia katika sheria, inafaa kuyatenganisha maneno matatu ambayo huchanganywa sana katika mazungumzo. Unururifu ni sifa ya kitu: baadhi ya atomi zake hazikutulia, na kiini chake huvunjika chenyewe bila ya kusukumwa. Mnururisho ni kile kitokacho wakati wa kuvunjika huko, ama chembe ama miale. Uchafuzi ni hali ya kitu chenye unururifu kuwa mahali kisipotakiwa, kwa mfano vumbi lake kuingia kwenye nguo, chakula au mapafu. Mtu aliyepigwa picha ya eksirei amepata mnururisho, lakini hakuwa na unururifu wala hakuchafuliwa. Mtu aliyevuta vumbi la thoriamu amechafuliwa, na ataendelea kupata mnururisho kutoka ndani ya mwili wake hata akiondoka mahali pale.

Mnururisho utokao katika madini ya ardhini ni wa namna tatu kuu. Chembe za alfa ni nzito na hazifiki mbali. Karatasi au ngozi ya juu ya mwili huzizuia, ila zikitolewa ndani ya mapafu hudhuru sana. Chembe za beta hupenya kidogo zaidi. Miale ya gama hupenya mwili na kuta, na ndiyo inayopimwa kwa urahisi kutoka nje. Tofauti hii ina uzito katika utafiti, kwa kuwa jiwe la thoriamu lililotulia juu ya meza si hatari sawa na jiwe lile lile likiwa linasagwa. Mtafiti anapolisaga jiwe ndipo anapoligeuza kuwa kitu kinachoweza kuvutwa kwa pumzi.

Vipimo navyo ni viwili. Bekereli huhesabu atomi zinazovunjika kwa sekunde. Ni kipimo cha kitu chenyewe. Sieverti hupima athari kwa mwili. Ni kipimo cha dozi anayoipata mtu. Mwili wa mtu mzima una takriban bekereli 4,000 za potasiamu yenye unururifu, inayotokana na chakula cha kila siku. Kwa wastani mtu duniani hupata kama milisieverti 2.4 kwa mwaka kutokana na vyanzo vya asili, yaani ardhi, hewa, chakula na miale itokayo angani. Kwa hiyo swali la sheria haliwezi kuwa iwapo kitu kina unururifu au hakina, kwani jibu lingekuwa "kina" kwa kila kitu. Swali lake ni kiasi, namna kinavyoshikwa, na nani atakayekipata.

Kizingiti: mahali sheria inapoanzia

Neno "hafifu", ambalo watafiti hulitumia kusema kwamba sampuli zao hazina madhara, halina uzito mbele ya sheria. Sheria hutumia tarakimu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lililoanzishwa mwaka 1957 na ambalo Kenya ilijiunga nalo mwaka 1965, limeweka viwango vya msingi vya usalama ambavyo nchi nyingi huvitumia kama mwongozo. Kwa thoriamu ya asili, kizingiti ni bekereli 1 kwa kila gramu, au jumla ya bekereli 1,000 kwa kiasi chote kilichoshikwa. Kitu kidogo kilicho chini ya mojawapo ya viwango hivyo chaweza kusamehewa. Kwa mizigo mikubwa ya vitu vya asili, mdhibiti huamua kesi baada ya kesi, akiangalia iwapo mtu anaweza kupata dozi ya takriban milisieverti 1 kwa mwaka.

Mfano ulio karibu ni taa ya karabai. Taa hizi zilitumiwa sana katika pwani ya Afrika Mashariki, zikiwamo zile za wavuvi wa usiku waliovutia dagaa kwa mwanga. Kile kifuko cha kitambaa kinachong'aa ndani ya taa kilikuwa, katika aina za zamani, kimelowekwa katika chumvi za thoriamu ili kitoe mwanga mweupe. Kifuko kimoja kiliweza kuwa na miligramu mia kadhaa za thoriamu, yaani karibu bekereli 1,000 au zaidi. Kwa gramu, kitambaa hicho kilizidi kizingiti kwa mbali. Kwa jumla yake, kimoja kilikuwa kando ya mstari. Mvuvi alikinunua dukani bila ya kuulizwa. Lakini mwanafunzi atakayekusanya vifuko 200 ili kuchuja thoriamu yake maabarani hawezi kutetea hoja kwamba anafanya alichokifanya mvuvi. Kiasi kimebadilika, na kazi imebadilika.

Mfano wa pili ni Mrima, kilima kilichoko kaunti ya Kwale, kusini mwa Mtongwe, ambacho ni msitu wa hifadhi na mahali pa heshima kwa Wadigo. Ardhi yake ina thoriamu, naiobiamu na madini adimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na wanasayansi wa Kenya ulikuta wastani wa bekereli 500 hivi za thoriamu kwa kilo moja ya udongo wa kandokando ya kilima hicho, ilhali wastani wa dunia unaotajwa na kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa ni kati ya 30 na 45. Hiyo ni zaidi ya mara kumi. Hata hivyo bekereli 500 kwa kilo ni nusu bekereli kwa gramu, yaani nusu ya kizingiti. Udongo ambao ni wa ajabu kwa mwanajiolojia waweza kuwa wa kawaida kwa sheria, ijapokuwa wastani huficha tofauti, na sehemu zenye madini mengi huzidi wastani huo.

Hapa ndipo watafiti wengi wanapojikwaa. Chukua mfano wa mwanafunzi anayebeba kilo 20 za udongo kama huo. Kwa hesabu ya thoriamu pekee, bila ya vizazi vyake, mzigo wote una bekereli 10,000, na kila gramu iko chini ya kizingiti. Maabarani anauosha, anaupitisha katika vichujio na sumaku, na kubaki na madini mazito. Ikiwa miongoni mwake kuna monaziti yenye asilimia 6 ya thoriamu, kila gramu ya monaziti hiyo ina bekereli zipatazo 240. Gramu tano tu zinavuka viwango vyote viwili. Mwanafunzi hakuongeza chochote, alipunguza. Alichokiondoa ni mchanga usiokuwa na hatia, na kilichobaki ni kitu kinachohitaji leseni. Kwa maneno mengine, utafiti wenyewe ndio uliozalisha kitu kinachodhibitiwa, na kwa hiyo leseni huombwa kwa kuangalia mwisho wa kazi, wala si mwanzo wake.

Milango ambayo mtafiti huipitia

Kenya ilipitisha Sheria ya Kukinga Mionzi, Sura ya 243, mwaka 1982. Sheria hiyo iliunda bodi ya kutoa leseni za kuingiza, kumiliki, kutumia na kutupa vitu vyenye unururifu pamoja na mitambo ya eksirei. Mwaka 2019 ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya. Huo ndio mlango mkuu, lakini si wa pekee.

Mlango wa kwanza ni wa utafiti wenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, mtafiti huhitaji leseni ya NACOSTI. Leseni hii humtambua mtu na mradi wake. Haimpi ruhusa ya kushika madini yenye unururifu. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba karatasi moja yenye mhuri wa serikali hufungua milango yote.

Mlango wa pili ni wa ardhi. Mahali kama Mrima, mtafiti huingia katika msitu wa hifadhi, na kwa hivyo huhitaji ridhaa ya wasimamizi wa misitu, ya serikali ya kaunti na ya wazee wanaopatunza mahali hapo kwa mila. Mlango wa tatu ni wa madini. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasimamia utafutaji na usafirishaji nje wa madini, na mwaka 2023 serikali iliyatangaza madini kadhaa kuwa ya kimkakati, yakiwamo urani, thoriamu, naiobiamu na madini adimu. Sampuli inayopelekwa ng'ambo kupimwa hupita katika mlango huo hata ikiwa ni ndogo. Mlango wa nne ni wa mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ambayo hutaka tathmini ya athari kwa miradi yenye kuweza kudhuru.

Mlango wa tano ndio wa Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia. Kanuni inayofuatwa ulimwenguni ni kwamba ukali wa udhibiti ulingane na ukubwa wa hatari. Kazi yenye hatari ndogo kabisa husamehewa. Inayofuata hutolewa taarifa tu. Inayozidi hapo husajiliwa. Na iliyo juu zaidi hupewa leseni yenye masharti. Mwombaji huulizwa maswali ambayo kwa hakika ni rahisi kuyaelewa. Kitu gani, na kiasi gani? Nani atakishika, na amefunzwa na nani? Kitawekwa wapi, na ufunguo uko kwa nani? Kipimo kipi kitatumika kuhakikisha hakuna vumbi lililoenea? Kitasafirishwaje? Mwisho wa mradi kitakwenda wapi? Viwango vya kimataifa vinaweka kikomo cha dozi kwa mfanyakazi kuwa wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano, na kwa mtu wa kawaida milisieverti 1 kwa mwaka, juu ya ile ya asili. Kila swali katika fomu lina nia ya kuonyesha kwamba vikomo hivyo havitavukwa.

Swali la usafirishaji lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Mtongwe na Likoni. Mzigo utokao Kwale kwenda maabara za Nairobi hupita bara yao: kwa miaka mingi kwa feri ya Likoni, na tangu kukamilika kwa barabara ya Dongo Kundu mwaka 2024, kwa madaraja yake vilevile. Likoni ndiko pia kulikojengwa ghala na gati la kupakia meli mchanga wa madini wa Kwale, uliosafirishwa nje kuanzia mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Mchanga huo ulikuwa wa ilmeniti, rutili na zirkoni, na zirkoni ya mahali popote duniani hubeba urani na thoriamu kidogo ndani yake. Kanuni za usafirishaji huwa na nafuu zaidi kwa madini ya asili: kizingiti chao ni mara kumi ya kile cha kawaida, yaani bekereli 10 kwa gramu kwa thoriamu ya asili. Udongo wa Mrima husafiri kama udongo. Monaziti iliyochujwa husafiri kama mzigo wa hatari wa daraja la saba, wenye lebo na hati zake.

Vikwazo vya kweli na sababu zake

Haitakuwa haki kueleza milango hii kana kwamba yote hufunguka kwa kubisha mara moja. Ugumu upo. Ofisi ni nyingi na kila moja ina fomu, ada na ratiba yake, ilhali mwanafunzi wa shahada ya uzamili ana miaka miwili. Mitambo ya kupima miale ya gama kwa usahihi ni michache na ya ghali, na bila ya kupima, mtafiti hawezi hata kujua yuko upande gani wa kizingiti. Hutakiwa kuwa na jibu kabla ya kuruhusiwa kuuliza. Wasafirishaji nao mara nyingi huukataa mzigo wenye lebo ya mnururisho hata kama hati zote ni sahihi, tatizo ambalo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limelitambua na kulishughulikia kwa miaka mingi. Tena taka hazina haraka ya kutoweka. Nusu-uhai wa thoriamu ni miaka bilioni 14. Chupa iliyoachwa kabatini na mwanafunzi aliyehitimu itamsubiri mrithi wake bila ya kupungua. Urani inayotumiwa katika dawa ya kutia rangi sampuli za hadubini ya elektroni huleta taabu ile ile katika maabara za baiolojia duniani kote: gramu chache, matumizi madogo, na mabaki yasiyokuwa na mwenyewe.

Pamoja na hayo, historia inaonyesha kwa nini milango hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kusumbua. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, chanzo cha mnururisho kilichoachwa katika hospitali iliyohamwa kilichukuliwa na watu wasiojua ni kitu gani. Watu wanne walifariki na 249 walikutwa wamechafuliwa. Chanzo kile kilikuwa kikali mno na hakilinganishwi hata kidogo na mchanga wa Kwale. Somo lake lakini linahusu kila maabara: kitu kilikuwa na leseni, kisha kikakosa mtu wa kukiulizia.

Karibu zaidi na nyumbani kuna kesi ya Mrima. Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni maalumu ya kuchimba madini katika kilima hicho, na Agosti mwaka huo huo leseni hiyo ikafutwa. Wawekezaji wake waliishtaki Kenya mbele ya kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji wakidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 wasuluhishi waliamua kwamba leseni ile haikuwa na nguvu ya kisheria tangu mwanzo, kwa kuwa masharti ya msingi, ikiwamo tathmini ya mazingira iliyoidhinishwa, hayakutimizwa. Mtafiti mchanga anaweza kujifunza hapa kwamba mlango ulioruka haupotei. Utaukuta mbele, nao utakuwa umefungwa kwa kufuli kubwa zaidi.

Na Mtongwe wenyewe una ushahidi wa aina yake. Feri iliyozama mwaka 1994 ilikuwa na kikomo cha abiria, na siku ile ilibeba watu kupita kikomo hicho. Tarakimu ilikuwapo, ila haikuwa na mtu wa kuisimamia langoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kizingiti cha bekereli na kikomo cha abiria ni tarakimu za namna moja: hazina maana mpaka pawe na mtu anayezisoma, kuzielewa na kuzisimamia.

Mlango wa lugha

Mtu wa kuielewa tarakimu ndiye anayeleta suala la Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari, na ibara ya 69 inaitaka dola ihimize ushiriki wa umma katika kuyatunza mazingira. Lakini sheria, fomu na ripoti za mnururisho huandikwa kwa Kiingereza. Mwanakijiji wa Mrima au mkazi wa Mtongwe hufikiwa na jambo hili kwa sentensi moja ya mkutano wa hadhara: "mchanga una mionzi."

Sentensi hiyo ina kasoro inayostahili kuchunguzwa na wanaisimu. Neno "mionzi" hutumika kwa miale ya jua, kwa matibabu ya saratani, kwa mawimbi ya simu na kwa unururifu wa madini. Halitenganishi sifa ya kitu na kile kinachotoka ndani yake, wala halitenganishi yote mawili na uchafuzi. Msikilizaji hana njia ya kuuliza "kiasi gani?" kwa sababu neno lenyewe halina kipimo. Matokeo yake ni mawili yanayopingana: wapo wanaoogopa hata udongo wa shamba, na wapo wanaoona kwamba ikiwa jua lina mionzi na haliui, basi hakuna la kuogopwa. Wote wawili wamepotoshwa na neno moja.

Istilahi mahususi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na wataalamu wa istilahi wamejenga familia ya maneno kutokana na "nuru": mnururisho, nururifu, unururifu. Kimofolojia uundaji huu ni mzuri, kwani kiambishi "-fu" huonyesha sifa iliyotulia ndani ya kitu, kama katika "sahaulifu", na kwa hiyo "nururifu" husema hasa kile ambacho "mionzi" hushindwa kukisema. Kisemantiki pana mtego. Kwa Mswahili, nuru ni baraka: uso wa nuru, nyumba yenye nuru, nuru ya elimu. Kumwambia mtu kwamba udongo wake ni nururifu, bila ya maelezo, ni karibu na kumpongeza. Nchini Tanzania chombo cha udhibiti, kilichopewa sura yake ya sasa na sheria ya mwaka 2003, huitwa kwa Kiswahili Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, jina linaloegemea upande wa nguvu. Kila chaguo huangaza upande mmoja na kuuficha mwingine.

Tatizo hilo halimalizwi kwa kusaka neno moja lisilokuwa na dosari. Linapunguzwa kwa kutumia maneno kwa nidhamu: unururifu kwa sifa, mnururisho kwa kitokacho, uchafuzi kwa kilichoenea, dozi kwa kinachoufikia mwili, na kizingiti kwa mstari wa sheria. Vivyo hivyo kwa upande wa utawala. "Ruhusa", "idhini", "kibali" na "leseni" hutumiwa ovyo kana kwamba ni visawe, ilhali sheria hutofautisha taarifa, usajili na leseni. Mzee wa kijiji anayeambiwa kwamba mtafiti "ana kibali" anastahili kujua ni kibali cha nani na cha kufanya nini. Ridhaa inayotolewa juu ya neno lisiloeleweka ni ridhaa ya jina tu.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba sheria za vitu vyenye unururifu haziulizi iwapo kitu kina unururifu, kwa kuwa vyote vinao. Zinauliza kiasi, kazi na njia. Udongo wa Mrima waweza kuwa chini ya kizingiti asubuhi na kuwa juu yake jioni, baada ya kuchujwa maabarani. Mtafiti anayelielewa hilo huomba idhini inayofaa mapema, hupima kabla ya kusaga, huandika mahali kila gramu ilipo, na huweka mpango wa mabaki kabla ya kufungua kifuko cha kwanza. Kwa kufanya hivyo vikwazo havitoweki, ila hugeuka kuwa ratiba.

Kwa idara za Kiswahili, kazi iliyobaki ni dhahiri na inawezekana. Mwanafunzi mmoja wa isimu akikaa na mwanafunzi mmoja wa fizikia, wanaweza kuandaa ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema ni nini kinachukuliwa kutoka ardhini, kina bekereli ngapi kwa gramu, kizingiti ni kipi, kitapita njia gani, na kitaishia wapi. Ukurasa huo ubandikwe ofisini kwa chifu, usomwe katika baraza, na uambatishwe kwenye ombi la leseni. Hapo mkazi wa Mtongwe atakapoliona lori likielekea Dongo Kundu, atakuwa na swali la kuuliza, na maneno ya kuulizia.